Samaki Hawakuwa na Njaa

Chacha, mtoto wa mama yangu,

Natumaini karatasi hii imekukuta juu ya ardhi.

Najua umefungua kikapu cha Jumapili ukitafuta njugu, unga wa wimbi na zile ndizi za kuchemsha, ukakuta barua peke yake. Usimfokee yule wa bodaboda, hajala chochote chako. Wala usimpigie Mama simu kumwuliza umemkosea nini. Ni mimi, Atieno, niliyemwambia wiki hii asikufungie hata punje, na alikubali kwa shida mno. Kaa chini usome mpaka mwisho. Ukimaliza ukitaka kunitukana, nitukane, masikio ninayo.

Hujambo lakini? Kichwa kinaendeleaje? Siulizi kwa adabu za barua, nauliza kwa sababu nataka jibu. Mama hajambo, ni ule mguu tu unaomsumbua mvua ikinyesha. Mkeo Boke na mtoto wako salama pale kwa Mama. Mtoto ameanza kusimama akishika kiti, na kila akianguka anacheka mwenyewe. Mimi huku ziwani mwili uko sawa, moyo ndio umekataa kutulia. Tangu asubuhi nimeianza barua hii mara tatu. Naandika mstari, naenda kutazama maji, narudi naandika mwingine. Nimekalia magunia ya chakula cha samaki ndani ya stoo, mikono inanuka dagaa wa omena, na karatasi nayo itanuka. Vumilia.

Simu nimejaribu, wewe mwenyewe unajua. "Sista, umeanza tena mahubiri ya shimo," ukakata. Nikapiga tena, ukakata tena. Sawa. Barua haina kitufe cha kukata. Unaweza kuichana, lakini utakuwa umeshasoma haya: usishuke tena shimoni kama ile injini ya pampu imo ndani. Kinachokuumiza kichwa si njaa.

Sasa acha nikwambie nimejuaje, maana nakusikia ukisema huko, "Huyu dada yangu wa samaki, anajua nini kuhusu dhahabu?" Sijui chochote kuhusu dhahabu. Nimejifunza kwa samaki, na nimejifunza kwa uchungu.

Kazi yangu unaijua, ingawa hupenda kunitania kwamba nawalisha samaki wa tajiri vizuri kuliko nilivyowahi kukulisha wewe. Keji zetu ziko majini, mwendo mfupi wa kasia kutoka ufuoni, hapa upande wa Mbita. Ni vizimba vya nyavu vinavyoelea juu ya madumu, na ndani yake samaki wa ngege wamejaa tele. Tunawalisha wawili, mimi na mwenzangu tunayemwita Nyar Karungu kwa sababu alizaliwa Karungu, mama mwenye mdomo mkali na mkono mwepesi. Siku za kwanza nilidhani ni kazi ya kumwaga vidonge vya chakula na kwenda zako. Kumbe samaki ana tabia zake! Wanaijua sauti ya kasia letu. Boti za wavuvi zikipita hawashtuki, lakini sisi tukikaribia tu, maji yanachemka. Asubuhi ya baridi wanakula kwa uvivu, vidonge vinabaki vikielea. Jua likitoka wanakula kama wanafunzi wa bweni siku ya wali.

Na si hao tu. Yangeyange husimama kwenye ukingo wa keji kutwa nzima, wakingoja kasamaki kadogo kapite kwenye tundu la wavu. Mnandi anazama, anaibuka na chake, akishiba anatandaza mabawa juani yakauke ndipo aruke. Wale sami, vidudu vya ziwa, wakipanda kutoka majini kama moshi, mbayuwayu wanajua kabla yetu na wanafika kundi zima. Kila kiumbe kimejipangia njia yake ya kupata riziki, na nilikuwa nakaa kwenye boti nawatazama mpaka Nyar Karungu ananirushia maji ili niamke. Niliipenda kazi hii, Chacha. Sijui kama bado naipenda.

Hapa kwenye keji tuna neno letu. Samaki wakipanda juu kabla ya saa yao, midomo wazi, tunasema, "Wanaomba." Ukisikia "keji ya tatu wanaomba," unachukua kikombe unawaongezea. Neno hilo lilinikaa kwa sababu ni neno la nyumbani. Si unakumbuka Mama? Mtoto wa jirani akisimama tu mlangoni, hata kama amekuja kuokota mpira, Mama atasema "huyu anaomba," na mtoto ataondoka na kipande cha kiazi mkononi. Kwetu mdomo ukifunguka unawekwa kitu.

Basi Jumanne ya wiki hii, upepo ulikuwa umevuma usiku kucha na mvua juu yake. Asubuhi nikashuka ufuoni na mpiga kasia. Nyar Karungu hakuwepo, alikuwa amempeleka mjukuu wake kliniki. Maji yalikuwa yamebadilika, kahawia kahawia, na yananuka kama yai viza. Yangeyange walikuwa wengi kuliko siku zote, wanaokota visamaki juu ya maji bila hata kunyoosha shingo. Niliona vyote hivyo. Kuona niliona, kufikiri ndiko sikufikiri.

Tulipofika kwenye keji, samaki wote walikuwa juu. Wote. Midomo inafunguka, inajifunga, inafunguka. Hawakuchemsha maji kama kawaida, walikaa tu pale wamesimama karibu wima, wakinitazama mimi. Nikasema kwa sauti, "Yawa, leo wanaomba kweli!" Nikamwaga. Wengine walikula, tena kwa pupa, maana wamezoea mkono wangu. Wengine wakaacha vidonge viwapite puani. Huruma ikanishika, nikadhani ni mvua imewatesa usiku, wanahitaji nguvu. Nikamwaga ndoo ya pili. Nikawaambia kwa mdomo wangu huu, "Kuleni, watoto wangu."

Wa kwanza kufa hakuwa wetu. Alikuwa mbuta wa ziwani, nje ya keji, mkubwa kama mtoto wa nasari, akaelea tumbo juu kando ya boti. Mpiga kasia akafurahi, akasema leo tumepewa kitoweo cha bure. Alikuwa bado anamvuta ndani ya boti nilipogeuka nikaona keji yetu ya mwisho imeanza kuwa nyeupe. Matumbo, Chacha. Kufika adhuhuri keji zilikuwa nyeupe karibu zote, na ufuo mzima umesimama unasema wololo, wololo, kama matanga.

Sikuelezi kazi ya kuwatoa. Tumewatoa kwa nyavu za mkono, kwa ndoo, kwa mikono mitupu, tukawafukia, na bado tunafua nyavu mpaka leo. Tajiri amesema hakuna anayetoka hapa mpaka kazi iishe, ndiyo sababu unasoma barua badala ya kuniona nimesimama mbele yako nimeshika kiuno.

Ngoja, naitwa.

Nimerudi. Ilikuwa kamba tu imekatika.

Siku ya pili akaja afisa wa samaki, msichana mdogo kuliko wewe, na chombo chenye waya mrefu anachokizamisha majini kinampa namba. Alipima, akaandika, akapima, akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Nani alilisha jana asubuhi?" Nikasema, "Mimi." Akaniuliza, "Kwa nini uliwapa?" Nikamjibu, "Walikuwa wanaomba."

Hakunicheka. Angenicheka ingekuwa afadhali. Alisema, "Ni kweli, dada, walikuwa wanaomba. Walikuwa wanaomba hewa."

Tukakaa kwenye boti lililopinduliwa, akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba huko chini kabisa ziwani kuna maji mabaya yasiyo na hewa, na upepo mkali ukiyakoroga yanapanda juu. Samaki anapumua maji, hewa yake imo humo humo, ikiisha anapanda kutafuta ile kidogo iliyobaki pale juu. Nikamwuliza, sasa chakula kina kosa gani? Mgonjwa si anapewa chakula apate nguvu? Akasema, "Wewe unapika na jiko, sivyo? Chakula ni kuni tu. Kinachoziwasha mwilini zikakupa nguvu ni hewa. Jiko lako lilikuwa limekosa hewa, na wewe ukazidi kujaza kuni. Samaki akishakula, mwili wake unadai hewa zaidi ya kusagia kile chakula. Wangekaa na tumbo tupu, wametulia, wengine wangevuka."

Akanitolea mifano ya samaki wengine. Mbuta ndiye wa kwanza kufa kwa sababu ana mwili mkubwa na mbio nyingi, anakula hewa kwa wingi. Fulu, vile visamaki tulivyokuwa tunavidharau, wao wamezoea shida, wengi wako hai hata sasa. Na kamongo hakujua hata kama kulikuwa na msiba, maana yeye anapanda juu, anafungua mdomo nje ya maji, anavuta hewa hii hii yetu, na kurudi zake chini.

Alikuwa bado anaongea nikasikia sauti yako, Chacha. Nakuapia. Ile simu yako ya kabla ya mvua kubwa. Ulisema, "Sista, siku hizi nikishuka kidogo tu kichwa kinagonga, magoti yanalegea. Ni njaa. Kazi ya huku Macalder inakula mtu." Ukapiga miayo ukiongea nami, ukapiga tena na tena, nikakucheka nikakuambia ulale. Ukasema mwenzako mmoja alitapika shimoni, mkamtania kwamba chai ya kibandani imemshinda. Ukasema jambo la ajabu ni kwamba siku ya Sabato, ukikaa juu unaenda kanisani, unakuwa mzima kabisa, unaimba besi mpaka wimbo wa mwisho. Mama aliposikia hilo akasema, "Mmeona? Sabato inaponya." Na mimi nikasema Amina.

Na katika simu hiyo hiyo ulinieleza, tena kwa fahari, kuhusu injini. Kwamba maji yalijaa shimoni, pampu ikikaa juu inashindwa kuvuta kwa sababu ya kina, wewe ukatoa wazo: ishusheni injini kwa kamba, ikae kwenye kile kijukwaa cha katikati, iwe karibu na maji. Wakakupigia makofi. Nami nilijisikia vizuri kwamba ndugu yangu ana akili. Hakuna kati yetu aliyeweka maneno hayo mawili pamoja, injini na kichwa. Tulisikia njaa tu, kwa sababu neno njaa kwetu ndilo tunalijua kulitibu. Mama akaongeza uji, akaongeza mayai. Mimi nikakutumia omena kavu.

Basi nikamkatiza yule msichana, nikamwuliza, "Na mtu je? Mtu akiwa shimoni, injini ya petroli inanguruma hapo kando yake?"

Akaweka kalamu chini. "Ni nani huyo?"

"Ndugu yangu."

"Dada, mimi ni wa samaki. Lakini hili halihitaji daktari. Hujawahi kusikia watu waliolala na jiko la makaa, mlango na dirisha vimefungwa?"

Nani hajasikia? Si tulimzika jirani yetu na mkewe pale nyumbani Suna kwa jambo hilo hilo? Wewe ndiye uliyevunja ule mlango.

Akasema moshi wa injini una kitu kisichoonekana na kisichonuka, kinaingia kwenye damu na kukalia kiti cha hewa. Kichwa kinauma. Magoti yanalegea. Miayo, kutapika, usingizi. Mtu akipanda juu anapata nafuu, anadhani ameshapona, anashuka tena. "Na siku moja hapandi," akasema. Nikamwambia kwamba nyinyi wachimbaji mna ujuzi wenu, mnashuka na mshumaa, ukiwaka mnajua hewa ipo. Akanitazama. "Mshumaa utaendelea kuwaka, dada. Ni yeye atakayezimika."

Wewe unajua mimi si mtu wa kukimbia. Nilikimbia. Nilipanda kile kilima nyuma ya kanisa ambako simu inashika, nikakupigia, ukakata.

Kwa hiyo nikampigia Mama. Nikamwambia asikutumie kikapu Jumapili hii.

"Nimnyime mtoto wangu chakula?" akasema. "Atieno, jua la ziwani limekuingia kichwani?"

"Mama, si njaa."

"Mtu anashinda akipasua mawe, isiwe njaa iwe nini? Wewe ulimwona lini? Boke anasema hata mashavu yamekwisha."

Nikamweleza injini, nikamweleza samaki, nikamweleza makaa. Mama ni Mama. Kila nikimaliza anasema, "Sawa, lakini ale kwanza." Nikaona ninapoteza salio bure. Ndipo nikamwambia, "Mama, kumbuka lile beseni."

Unalikumbuka, Chacha? Ulikuwa darasa la pili. Wafyatua matofali walichimba kile kinamasi kilichokauka karibu na mto, wakatoa bonge la tope, na ndani yake kamongo amejikunja amelala. Ulilia mpaka wakakupa. Mama akasema yeye ni Msabato, samaki ambaye magamba yake hayaonekani hamjui na hatamkaribisha kwenye sufuria yake, basi akawa wako wa kufuga. Tukamtia kwenye beseni la kufulia. Tope likayeyuka, akajinyoosha, akaanza kuogelea, na wewe ukacheza karibu uvunje shingo. Baba akatuambia huyo alikuwa amelala kwenye tope miezi na miezi bila kula chochote, anajila mwili wake mwenyewe kidogo kidogo, anangoja mvua. Wewe ukamwonea huruma. Ukamchimbia minyoo kopo zima. Ukajaza maji mpaka ukingoni ili ajisikie yuko ziwani, na paka asimle ukafunika bati, juu ya bati ukaweka jiwe. Mimi ndiye niliyekusaidia kulibeba lile jiwe.

Asubuhi alikuwa amekufa, na minyoo yote imo. Baba alicheka mpaka akakaa chini. "Samaki amekufa maji! Ni nyumba gani hii ambayo samaki anakufa maji!" Baadaye ndipo akatuambia kwamba kamongo lazima apande juu avute hewa, na sisi tulikuwa tumemfunga juu. Hukula siku ile. Ulisema, "Lakini nilimpa chakula." Ulirudia maneno hayo wiki nzima, nilimpa chakula, nilimpa chakula, mpaka nikakupiga kofi ili unyamaze. Nisamehe kwa lile kofi.

Kwenye simu nilimsikia Mama akiweka sufuria chini. Kisha akasema polepole, "Lile beseni." Halafu akasema, "Atakasirika."

Nikamwambia, "Akasirike."

Sasa najua utakavyojibu. Utasema maji yamejaa, bila injini chini hakuna kazi, na mtoto atakula nini. Omera, ndugu yangu, ngojeni maji yapungue. Kuna kazi ya juu, ya kuvuta kamba, ya kuosha mchanga mtoni, hata kama haina jina. Kamongo maji yakikauka hashindani nayo, anajizika na kungoja, na hakuna anayemwita mvivu. Injini ikae juu. Ikishindwa kuvuta ikiwa juu, basi shimo hilo limesema hapana mpaka kiangazi.

Na utaona haya kuwaambia wenzako kwamba lile wazo lako walilolipigia makofi ndilo linalowapiga vichwa. Hapo ndipo najua kuna kazi, maana wewe na kuomba radhi hamjuani. Lakini sikiliza. Mimi nilisimama mbele ya tajiri na ufuo mzima nikasema, "Mimi ndiye niliyelisha." Wanawake wakaguna, na tajiri akasema maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Boke anaweza kuisoma. Nilipomaliza bado nilikuwa hai. Wewe nawe sema tu. Waambie kabla hawajashuka, na yule aliyetapika umwambie wa kwanza.

Kuhusu Sabato, usimwambie Mama nimesema hivi, lakini haikuwa kwaya. Ulikuwa unapona kwa sababu hukushuka. Mungu alikuwa anatuonyesha kila Jumamosi, sisi tukawa tunamshukuru kwa jambo lingine kabisa.

Nyar Karungu alinikuta nikilia nyuma ya stoo. Akaniambia kwa ule mdomo wake, "Nyamaza, wewe uliwaua kwa huruma, kuna wanaoua kwa uchoyo." Nadhani alitaka kunifariji. Sikufarijika. Nimegundua mkono wenye huruma haujiulizi maswali, unamwaga tu. Wale walikuwa samaki tu, tena wa mtu, Chacha, na bado nikifumba macho naiona ile midomo. Sasa fikiria Mama. Ukilala huko chini usipande, atakaa pale jikoni na kukumbuka kila ndizi aliyokumenyea, kila njugu aliyokukaangia, na atasema maneno yale yale uliyoyasema wewe juu ya lile beseni. Nani atampiga kofi ili anyamaze?

Upepo umeanza tena. Nimetoka kutazama, nimerudi. Keji mbili zina samaki waliobaki, na leo asubuhi walipanda juu, midomo wazi. Nilikuwa na ndoo imejaa mapajani. Sikumwaga. Nilikaa nao tu mpaka jua likapanda na wao wakashuka mmoja mmoja. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizofanya tangu nije huku, kukaa na chakula mkononi usimpe anayeomba. Mama naye anaifanya leo unaposoma haya, kwa hiyo usimwonee hasira.

Barua hii anaichukua mama mmoja anayenunua omena hapa na kuuza soko la Suna, ataifikisha kwa Mama, na Mama ataitia kikapuni. Nisalimie wenzako wote wa kamba, na mzee wa kanisa lenu dogo la huko anayekuruhusu kuimba besi ingawa tunajua sauti yako. Wifi yangu Boke nimemwandikia kikaratasi chake. Mtoto mbusu, na ili umbusu itabidi uende alipo.

Chakula chako kipo. Boke amekifunika jikoni kwa Mama pale Suna, uji, njugu, ndizi, na kuku ambaye hukuambiwa. Kama kweli ni njaa, utapanda bodaboda leo hii na kwenda kukila. Kasirika utakavyo, unitukane njia nzima, lakini kasirikia huku juu.

Mimi dada yako, niliyelibeba lile jiwe,

Atieno